Kazi Yangu Ilikuwa Kunguruma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nne asubuhi, Jumamosi, nimevaa kitenge cha kanisani na viatu vya kiwandani vyenye chuma mbele. Kitenge nilikivaa kwa sababu nilikuwa nimeambiwa naenda kuimba. Viatu nilivivaa kwa sababu mahali penyewe palikuwa ghala, na mimi ghalani sikuwahi kuingia bila viatu vya chuma. Lilikuwa Seven Hills, kitongoji cha magharibi ya Sydney, kwenye eneo la viwanda, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni. Ndani nilikuta vijana watatu wenye fulana nyeusi, ngoma kubwa kama matangi ya maji, na spika zilizonizidi urefu. Niliwasalimu kwa mkono mmoja mmoja, kama mtu aliyekuja kuposa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kuimba metali, ule muziki mzito wa magitaa yanayokwaruza na sauti zinazonguruma. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mjane mwenye binti mmoja, Mkongomani wa Uvira niliyepitia miaka kumi na moja ya kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa Sydney, Australia. Leo nina miaka hamsini na saba na nimestaafu. Vijana huniuliza kazi ile ilifanywaje, na mama mzima kama mimi aliingiaje humo. Nimeona niandike, nisije nikawa najibu swali moja kila nikipanda treni.

Aliyenipa kazi alikuwa Kiongozi wa Bendi, mpiga gitaa aliyezaliwa Cabramatta kwa wazazi wa Kivietinamu. Siku za juma aliendesha foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, katika ghala jingine nilimokuwa nikipakia mabomba ya maji. Siku moja alikuwa akirudi kinyumenyume, na nyuma yake mwenzetu mmoja alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu. Nilipaza sauti: "Simama." Kwa Kiswahili, maana Kiingereza kingechelewa. Foklifti ilisimama. Ghala zima lilisimama. Msimamizi wa Zamu alitoka ofisini kwake akauliza ni honi gani ile na nani ameifunga bila kumwambia.

Wakati wa chakula cha mchana Kiongozi alikuja kukaa mezani kwangu.

"Unaweza kufanya vile tena?"

"Mara ngapi?"

"Kwa dakika arobaini."

"Nimeshafanya kwa saa tatu," nikamwambia.

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Bwana."

Akasema bendi yao imekimbiwa na mwimbaji, na kwao saa tatu hazihitajiki.

Nieleze hizo saa tatu. Kambini nilikuwa mkalimani wa wahubiri. Mhubiri mgeni akija na Kifaransa chake, husimama juu ya kreti mbele ya uwanja uliojaa watu. Vipaza sauti hakuna. Mkalimani husimama kushoto kwake. Kazi yake si kugeuza maneno tu. Mhubiri akikemea, nawe unakemea, akilia, unalia, akinong'ona, unanong'ona kwa namna ambayo hata aliye nyuma kabisa atasikia. Aliyenifundisha alikuwa Mkalimani Mkuu wa kambi, mzee mwembamba aliyekuwa na sauti ya ng'ombe dume. Alinilaza chali mkekani, akaniwekea sufuria ya maharage juu ya tumbo. Nikivuta pumzi sufuria ipande, nikisema ishuke polepole, na mchuzi usimwagike.

"Koo ni mlango tu, Faida," alikuwa akiniambia. "Mwenye nyumba yuko tumboni. Mlango ukifanyishwa kazi ya mwenye nyumba, utavunjika."

Basi siku ile Seven Hills Kiongozi aliniwekea maiki mkononi, wakaanza kupiga. Nilisikiliza kwanza, kama nilivyokuwa nikimsikiliza mhubiri kabla ya kumfasiri. Gitaa lilikuwa limekasirika, nami nikakasirika. Ngoma zilikimbia, nami nikakimbia. Sikuwa na wimbo, kwa hiyo nilinguruma Zaburi ya ishirini na tatu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Walipomaliza, mpiga ngoma aliweka vijiti chini akasema hajaelewa hata neno moja, lakini anaomba turudie.

Sasa mambo ya ufundi, maana kuna wanaodhani kazi hii ni kupiga kelele. Kooni mna nyuzi mbili za sauti, laini sana. Juu yake mna mikunjo miwili minene ya nyama, ambayo hujifunga unapomeza ili chakula kisipotee njia. Anayenguruma vizuri huitetemesha ile mikunjo ya juu, zile nyuzi za chini zikabeba mzigo mdogo. Mngurumo ni sauti ya chini, nzito. Mkwaruzo ni sauti ya juu, nyembamba, kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Na sauti safi ni ile ya kwaya, ambayo wengi huidharau mpaka siku wanapoihitaji. Ukihisi kuwashwa kooni, umeshakosea. Acha, unywe maji. Chai ya tangawizi ni tamu, nami huipenda, lakini haifiki kwenye nyuzi, maana ingefika huko ungepaliwa.

Jambo la kwanza tulilogombania na Kiongozi lilikuwa maneno. Alinipa karatasi yenye nyimbo zao za Kiingereza. Nilijaribu majuma mawili, ulimi ukakataa.

"Usijali maneno," akasema. "Kwenye metali hakuna anayeyasikia."

"Kama hayasikiki, kwa nini mmeyaandika?"

Mkalimani ambaye maneno yake hayasikiki amesimama bure pale mbele, na mimi sikuwa tayari kusimama bure. Nikaomba niandike kwa Kiswahili, na kila silabi itoke nzima hata ikiwa imebebwa na mngurumo. Kiswahili kiliikubali kazi ile kuliko nilivyotegemea, kwa sababu maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayonguruma. Wimbo wangu wa kwanza ulihusu foleni ya unga kambini. Kiitikio chake kilikuwa kifupi:

*Simama hapa, ngoja pale,*
*jina lako halijaitwa.*

Onyesho la kwanza lilifanyika kwenye ukumbi mmoja Fairfield, saa nane mchana, kwa sababu lilikuwa la wanafunzi wa shule ambao sheria haikuwaruhusu kuingia kwenye baa. Huko nilikutana na bosi wangu wa pili, Fundi Mkuu wa Sauti, mama wa Kiaustralia mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akikaa nyuma ya meza ya sauti kama hakimu. Meza ya sauti ni ile yenye vitufe vingi, ambamo sauti ya kila chombo hupita kabla ya kufika kwenye spika. Aliniona nimekumbatia kichwa cha maiki kwa viganja vyote viwili, kama nilivyoona vijana wakifanya kwenye video.

"Hiyo si kikombe cha chai," akasema. "Ukiiziba hivyo sauti inakuwa tope. Ishike mpini."

"Nikikosea tena nitajuaje?"

"Utaniona nimesimama. Na mimi sipendi kusimama."

Miaka ile yote nilimwona amesimama mara mbili tu.

Katikati ya wimbo wa tatu siku ile, watoto wale walianza kurushiana mabega na kuinua ngumi. Nilidhani wanapigana. Nikasimamisha bendi nzima, nikauliza kwa Kiingereza changu kama kuna aliyeumia na nani ameanza. Watoto walicheka, si kwa dharau, wakaniambia wote wako salama, ndivyo metali inavyochezwa. Kiongozi alitaka kujificha nyuma ya spika. Lakini onyesho lililofuata, baada ya wimbo wa tatu, walikuwa wakinisubiri niulize. Kuanzia hapo niliuliza kila mara, kwa Kiswahili, "Mko salama?", nao wakajifunza kuitikia, "Salama."

Kwa mwaka mzima mambo yalikwenda vizuri. Kisha mtu fulani akatuma video kanisani.

Nilikuwa nikiongoza sauti ya pili katika kwaya ya Wakongomani, Fairfield. Mchungaji Kiongozi aliniita ofisini, wazee watatu wa kanisa wakiwa wamekaa kwenye mstari, simu ikiwa mezani.

"Dada Faida, tumeiona video. Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Mchungaji."

"Na hiyo sauti ni ya nani?"

"Ni yangu pia."

Mzee mmoja alisema sauti kama ile katika Maandiko hutoka kwa watu wanaohitaji kuombewa. Waliniombea. Halafu wakaniambia nipumzike kwaya hadi watakaponijulisha. Nilipanda treni kurudi nyumbani nikiwa nimekunja sare ya kwaya kwenye mfuko wa plastiki, na sioni aibu kusema kwamba nililia kituo hadi kituo. Kwaya ile ndiyo iliyotupokea tulipofika nchi hii bila kujua hata duka la unga liko wapi.

Nilimweleza yote mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na onyesho la alasiri Cabramatta, ukumbi ulio nyuma ya maduka. Nilipopanda jukwaani niliona, kando ya meza ya sauti, mama saba wa kanisa wamekaa kwenye viti, vitenge vimepigwa pasi, mikoba juu ya magoti. Katikati yao alikuwa mama yangu. Fundi Mkuu wa Sauti alikuwa akiwagawia vizibo vya masikio mmoja mmoja, na mama alikuwa akivikataa kwa kichwa.

Sijawahi kuogopa jukwaa kama siku ile. Niliimba nyimbo tisa bila kuangalia upande wao. Nilipomaliza nilishuka, nikaenda kusimama mbele ya mama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Ile ya foleni," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ile siku mvua ilinyesha. Weye ulikuwa na mimba ya Sifa, na unga yote ikalowa. Mbona mvua haiko?"

"Nilisahau, Mama."

"Weka mvua."

Niliongeza ubeti wa mvua wiki ile ile, na hadi leo ndio watu wanaoupenda zaidi. Lakini mama hakuishia hapo. Jumapili, baada ya ibada, alimfuata Mchungaji mlangoni, mbele za watu.

"Mchungaji, nilienda nikasikia maneno yote, moja moja. Anaimba foleni ya unga. Shetani hajapanga foleni ya unga hata siku moja. Ile wimbo hawezi kuijua."

Mchungaji alikuwa mtu mwenye haki, na yeye pia alikuwa amepanga foleni ile. Aliomba aandikiwe maneno ya nyimbo zote ayasome. Baada ya miezi mitatu nilirudishiwa nafasi yangu kwenye sauti ya pili. Mzee mmoja hakukubali mpaka alipohamia Melbourne, nami nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu kila mara alinisalimu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misafara. Tulisafiri kwa gari dogo la mizigo hadi miji ya bara, tukiwa chini ya Msimamizi wa Msafara, bwana aliyependa ratiba kuliko alivyotupenda sisi. Yeye ndiye aliyepanga saa ya kula, ya kupakia vyombo, na ya kupima sauti, yaani kujaribu kila maiki na kila ngoma kabla watu hawajaingia. Alinifundisha kwamba mwimbaji anayechelewa kupima sauti atalipia jukwaani. Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la ratiba. Tulialikwa kwenye tamasha la uwanjani, mchana kweupe, watu wengi kuliko niliowahi kuwaona mbele yangu tangu kambini. Nikaingiwa na kiburi. Nikataka aliye mbali kabisa aanguke kwa sauti yangu, nikasahau tumbo, nikasukuma kwa koo. Wimbo wa mwisho ulitoka kama pumzi ya pampu ya baiskeli.

Daktari wa Koo alipitisha kamera nyembamba puani, akanionyesha kwenye kioo vinundu viwili, kama punje za mtama, kila kimoja kwenye uzi wake.

"Wiki sita," akasema. "Hakuna kuimba, hakuna kuzungumza, hakuna kunong'ona. Kunong'ona ni kubaya zaidi."

"Na kucheka?" nikaandika kwenye karatasi.

"Usicheke."

Hapo ndipo ilipotokea baraka ambayo nisingeweza kuipanga. Sifa, binti yangu, alikuwa na miaka kumi na mitano. Kama watoto wengi wa kwetu huku, Kiswahili alikisikia vizuri, lakini ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Mama yangu hakujua Kiingereza, wala kusoma hakujua. Mimi sauti sina. Kwa hiyo niliandika kwenye daftari, na Sifa alilazimika kumsomea bibi yake kwa sauti. Siku za kwanza alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. "Bibi. Mama. Anasema. Chumvi. Imezidi." Wiki ya pili maneno yakaanza kushikana. Wiki ya nne nilikuwa nimeandika tu, "Mwambie Bibi apumzike," na Sifa akasoma kwa uso mkavu: "Mama anasema ukiinua hiyo ndoo tena atakufichia viatu vyako vyote, na Jumapili utaenda kanisani na soksi."

Mama yangu alicheka hadi akashika ukuta. Nami niliyekatazwa kucheka nilikimbilia bafuni, nikauma taulo.

Vinundu vilipona. Sauti ilirudi taratibu, na mimi nikarudi nikiwa mwanafunzi tena, nimelala chali sebuleni, mfuko wa mchele juu ya tumbo, Sifa akihesabu kwa Kiswahili.

Baada ya hapo nilianza kufundisha, kila Jumatano jioni, katika chumba cha jumuiya Fairfield. Nilitegemea vijana wa metali. Walikuja, lakini walikuja na wengine pia: dereva wa basi, mwalimu wa mazoezi ya kuogelea, mama mmoja Msamoa aliyekuwa akiita namba za wateja sokoni. Wote kazi zao ziliwamaliza koo. Mmoja wao alikuwa Cherono, nesi Mkenya.

"Mathe, wodini sisikiki kabisa," aliniambia siku ya kwanza. "Na nikifika home koo imeisha."

Nilimlaza chini, nikamwekea mchele. Wiki ya tatu nilimwambia asukume kidogo, aachie mikunjo ya juu itetemeke. Kilichotoka kilimfanya ajizibe mdomo kwa mikono.

"Hii sauti imetoka wapi?"

"Imekuwa humo siku zote," nikamwambia. "Ilikuwa likizo."

Watu husema nilikuwa na athari kubwa kwenye muziki ule mjini hapa. Mimi najua nilichokiona. Nilipoanza, bendi zote za huku magharibi ya jiji ziliimba Kiingereza kisichosikika. Leo utasikia Kisamoa, Kiarabu, Kivietinamu, na kila neno liko wazi. Kiongozi mwenyewe, baada ya miaka kumi na minne ya kuniambia maneno si muhimu, aliandika wimbo kwa lugha ya mama yake. Mama yake alikuja kuusikiliza na sufuria ya supu kwa ajili yetu sote, akamsahihisha lafudhi pale pale. Sifa, ambaye sasa anafanya kazi ofisini Parramatta, hunipigia simu kwa Kiswahili, hasa akitaka kunigombeza.

Nilimwambia Kiongozi habari za kustaafu tukiwa tunafungasha nyaya baada ya mazoezi.

"Nataka kuacha wakati sauti bado ipo," nikasema. "Nimeshaiona siku ilipokuwa haipo."

Aliendelea kuzungusha waya kwenye kiwiko.

"Nani atanguruma?"

"Nesi."

"Ana zamu za ajabu."

"Basi mtapanga mazoezi kwa zamu zake. Bendi ilinipangia mimi kwa ratiba ya kwaya."

Nikiulizwa nilijifunza nini, sina mengi ya kusema. Nilijifunza kwamba hasira ikipewa pumzi na maneno, inakuwa kitu ambacho watu wanaweza kukishika pamoja bila kuumizana. Nilijifunza kumsikiliza anayekaa nyuma ya meza ya sauti. Na kwamba kazi yoyote, hata iliyo ngeni kiasi gani, huwa na mtu ambaye maisha yamekwisha kumwandaa kwayo bila yeye kujua. Mengine waulizeni walionifuata.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye onyesho la kwanza la Cherono, Jumamosi alasiri, nikiwa mtazamaji. Mama yangu, sasa ana miaka sabini na tisa, alikuwa kwenye kiti kando ya meza ya sauti. Nilikaa karibu naye. Cherono alipofika kwenye ubeti wa mvua, ukumbi mzima uliimba naye, Waaustralia, Wavietinamu, Wasamoa, wakikosea ngeli zote, na mimi nilikuwa nikiwasahihisha peke yangu, kimoyomoyo, huku machozi yakinitoka. Mbele kulikuwa na lile duara ambamo vijana huruka na kugongana. Miaka ishirini na mitatu nilikuwa nikilitazama kutoka juu ya jukwaa.

Mama alinigusa bega.

"Weye unafanya nini huku na wazee? Enda."

"Mama, nina miaka hamsini na saba."

"Najua. Nilikuzaa miye. Enda."

Nikampa mkoba wangu, nikaenda. Kijana wa kwanza alinigonga bega, nikamgonga, akacheka. Nilizungushwa mara mbili, nikapoteza kiatu, nikateleza. Goti halikufika sakafuni. Mikono mitano au sita ilinidaka pande zote, ikaniinua, na msichana mmoja nisiyemjua akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama, akanivalisha kiatu changu, nikarudi katikati.